Pima za Mbambakofi

Sheikhan wa Koyama alikuwa mshona matanga, na matanga hushonwa mtu amekaa kitako. Alikuwa amekaa kitako miaka ishirini na mitatu, mwili ukamnenepa, magoti yakaanza kulia kila akiinuka kwenda kuswali. Na bado hapakuwa na mtu kisiwani aliyesifiwa kwa kupanda miti kama yeye.

Sifa hiyo aliipata kwa siku moja tu, wakati wa ujana wake. Walikuwa wamevuka kwenda bara, ndani ya hori la Burikavo, mkono wa bahari uingiao msituni, kukata mbao za dau. Msituni kulikuwa na mbambakofi mmoja uliopita miti yote, shina lake watu watano hawakulikumbatia. Mkubwa wa kazi akamwambia Sheikhan apande atazame maji yanapita wapi. Sheikhan akapanda mpaka kwenye panda ya kwanza, na hapo maji moto, wale sisimizi wekundu wakali, wakamwingia ndani ya kikoi, wakampanda mpaka usoni. Kwenda juu aliogopa. Kurudi chini aliona haya. Basi akakaa nyuma ya majani akijikuna mpaka alasiri. Aliposhuka uso umemvimba, wenziwe wakadhani ni ukali wa jua la huko juu.

"Una urefu gani?" wakamuuliza.

"Pima arobaini na mbili," akajibu. Mpaka leo hajui hesabu ile ilimtoka wapi.

Koyama nzima ikaipokea. Mzee Husseini, aliyekuwa amekataa kumwoza binti yake kwa mtu anayefanya kazi ya kukaa, aliposikia pima arobaini na mbili akabadili nia, na Mwanalima akaolewa mwezi wa Rajabu. Toka hapo kila penye watu wawili Sheikhan hutakiwa aisimulie safari yake, na kila akiisimulia inapata kitu kipya. Aliwaona tai kwa migongo yao, wanaruka chini yake. Aliiona bandari ya Kismayu na bendera ya Mngereza ikipepea. Mwaka mmoja alisema mawingu yalimlowesha kanzu, ingawa siku ile alikuwa na kikoi tu.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka siku ya kufa kwake, kama si harusi ya Chovai, kisiwa jirani.

Watu wa Koyama walialikwa, wakaenda madau mawili. Baada ya kula, wenyeji wakamtaka Sheikhan awapigie hadithi ya mti. Akapiga. Alipofika kwenye migongo ya tai, mtu mmoja upande wa pili wa jamvi akacheka puani. Alikuwa Fumo, fundi wa madau wa Chovai, mwembamba, ndevu zimechongoka.

"Arobaini na mbili ni mti wa kupandwa na watoto," Fumo akasema. "Sisi tuna mti wechu huko bara, pima arobaini na tano. Nimeupanda mimi kwa miguu yangu hii."

"Mchi wenu?" akaruka mzee mmoja wa Koyama. "Chovai mna mchi gani nyinyi? Mna mikoko!"

Kelele zikaanza. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa mtu wa Chovai, akamnyang'anya shangazi wa bibi harusi sinia la halua. Bwana harusi mwenyewe akasimama mlangoni hajui aingie au atoke. Mwisho aliyewanyamazisha ni Mwalimu Abubakar, aliyeletwa kutoka Kismayu kufungisha ndoa, mtu asiyekuwa na kisiwa.

"Miti yote miwili itapimwa," akasema. "Kamba moja, mashahidi wa pande mbili, na wapandaji ni hawa waliokwisha kupanda. Baada ya siku saba za harusi. Sasa rudisheni halua."

Watu wakashangilia. Sheikhan na Fumo wakatazamana, kila mmoja akatabasamu kwa meno yote.

Siku saba zile alizipitisha akitafuta maradhi. Alikula embe mbichi, tumbo likakaa kimya. Alijaribu kuanguka barazani, akaangukia mto. Mwanalima kila asubuhi alimpikia uji wa mtama wenye samli ili apate nguvu, na alasiri akashona kwa kitambaa cha tanga suruali pana ya kupandia.

"Kikoi hakifai," akamwambia. "Wanawake wote tunakuja kutazama."

"Wote?"

"Babake Kaltuma, miaka ishirini na mitatu nimeisikia hadithi hii. Unadhani nitakaa nyumbani siku ya kuiona?"

Sheikhan akanywa uji wake.

Kamba ya makumbi ilisokotwa Chovai na kukaguliwa Koyama. Iligombewa siku nzima, kwa sababu pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, na Koyama walisema mikono ya Chovai ni mifupi, na Chovai walisema ya Koyama hurefuka penye faida. Mwalimu Abubakar akanyoosha mikono yake mwenyewe, akapiga fundo kila pima, mafundo hamsini. Mabega yakamuuma siku mbili.

Siku ya safari waliingia hori la Burikavo kwa maji kujaa, madau manne, watu kama waendao ziyara. Kura ikaangukia kuanza na mti wa Koyama. Sheikhan akaongoza njia ndani ya msitu, polepole sana, akisimama mara kwa mara kama mtu anayekumbuka, kumbe anaomba dua. Walipotokea penye ule mbambakofi, watu wa Koyama wakapiga vigelegele. Watu wa Chovai wakaduwaa.

"Mbona huu ndio mti wetu!" akasema mmoja wao. "Fumo, sema! Si huu uliotuonyesha?"

Fumo alikuwa amejificha nyuma ya mtu mnene. Akatolewa.

"Ndio huu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mmetuibia mti!" wakapiga kelele Koyama.

"Nyinyi mmetuibia pima tatu!" wakajibu Chovai.

Mwalimu Abubakar akaketi juu ya mzizi. Njiani alikuwa ametapika mara nne na alitaka kurudi Kismayu. "Basi kazi imepungua," akasema. "Mti mmoja, watu wawili. Mwanzo wa kamba utafungwa kiunoni mwa Sheikhan, nyingine ibaki hapa chini kwangu. Watakapofika kileleni nitatazama fundo lililo penye mzizi. Bismillahi."

Wakapanda. Kwa pima nne za kwanza kulikuwa na mizabibu ya mwituni iliyojizungusha shinani, minene kama mkono, na hapo hata mtu mnene hujikokota. Suruali ya tanga ilipiga kelele kila hatua. Chini watu walikuwa wakiimba, kila kisiwa wimbo wake. Sheikhan akafika kwenye panda ya kwanza, akaikalia, akaikumbatia, akafumba macho. Baada ya muda akasikia pumzi za mtu ubavuni mwake. Fumo naye amekaa, naye amefumba macho. Majani yaliwaficha, wa chini hawakuwaona.

"Pita wewe," akasema Sheikhan. "Wewe mwenyeji wa pima arobaini na tano."

"Haiwi. Wewe ndiye mkubwa."

Wakakaa. Sisimizi mmoja akampanda Fumo kidoleni, wote wawili wakamtazama.

"Ndugu yangu," Fumo akasema mwisho, "mara ile nyingine ulifika wapi?"

Sheikhan akafikiri kusema juu ya tai. Kisha akaona hana nguvu. "Hapa," akasema. "Hapa hapa nilipokaa."

Fumo akashusha pumzi ndefu. "Mimi hapa sikufika. Mimi niliupiga teke shina, nikasema nimepanda."

"Na arobaini na tano uliitoa wapi?"

"Nilikuwa nimesikia kuna mtu wa Koyama kasema arobaini na mbili."

Sheikhan akaanza kucheka, akajizuia kwa kuwa tawi lilitikisika. Fumo akamsogelea. "Sikiliza. Tukae hapa hapa. Tuivute kamba kidogo kidogo, mpaka ipande mafundo arobaini na tatu na nusu. Koyama waridhike, Chovai waridhike, sisi tushuke."

"Na kamba tutaiweka wapi?"

"Tutaikalia."

"Mnapima nini?" ikauliza sauti.

Sauti hiyo ilitoka juu. Wote wawili wakalikumbatia tawi moja, wakakumbatiana na wao kwa wao. Juu ya vichwa vyao, kama pima mbili hivi, mtu mmoja alikuwa ameegemea shina, mguu mmoja unaning'inia, anatafuna kijiti. Alikuwa Mboni, mmoja wa watu wa msituni wenye kutega mizinga ya nyuki mitini. Akawaambia jina lake ni Barisa, na mizinga iliyo juu ni yake.

"Semeni polepole," akaongeza. "Nimewafukiza nyuki asubuhi, bado wana hasira. Na wale wenu wa chini wanaimba vibaya."

"Umepitia wapi?" Fumo akanong'ona. "Hatukukuona."

Barisa akaonyesha kwa kijiti. Upande wa pili wa shina kulikuwa na vigingi vya mti mgumu vimepigiliwa, kimoja juu ya kingine, toka mizizini mpaka macho yasikofika. Vilikuwa vikuukuu, vimeng'aa kwa nyayo. Katika kisiwa cha Koyama na kisiwa cha Chovai hakuna aliyepata kuuzunguka mti ule.

"Baba yangu alivipiga," Barisa akasema. "Nyinyi mmepanda kwa mizabibu? Hapo hupanda nyani."

Akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. Kisha akawauliza tena wanapima nini, na Sheikhan akamweleza yote, harusi, halua, arobaini na mbili, arobaini na tano. Barisa akasikiliza kwa makini.

"Mimi napanda kila musimu," akasema. "Sijapata kuuliza. Twendeni tukaone."

"Tukaone?" akasema Sheikhan.

"Mmekwisha panda robo. Mkishuka sasa mtarudi tena baada ya miaka ishirini, na mimi sitakuwapo kuwasaidia."

Hakuwangoja wajibu. Alishuka, akamshika Sheikhan kifundo cha mguu, akauweka mguu juu ya kigingi, akamshika wa pili, akauweka. Akamwambia asitazame chini, asitazame juu, atazame gome lililo mbele ya pua yake. Sheikhan akatazama gome. Alilitazama mpaka akalijua kuliko uso wa mkewe. Kigingi, gome, kigingi, gome. Kamba ilimvuta kiunoni kama mtoto anayetaka kurudi nyumbani. Nyuma yake Fumo alikuwa akisoma kila aya aliyowahi kufundishwa chuoni, na zilipokwisha akaanza majina ya wajomba zake. Walipoikaribia mizinga, Barisa akaweka kidole mdomoni, nao wakapita wakiwa wamezuia pumzi, nyuki wanaguruma ndani ya magogo kama watu wanaoteta nyuma ya mlango.

Kisha gome likawa jembamba, tawi likawa kama mkono, na Barisa akasema, "Hapa ndipo. Ukizidi hapa utakuwa ndege."

Sheikhan akainua macho.

Hakukuwa na tai. Kulikuwa na vilele vya miti vinatikisika chini ya miguu yake kama mtama shambani, na baada ya miti hori linang'aa, na baada ya hori bahari yote, na visiwa vimepangana, vidogo, kila kimoja na ukingo wake mweupe wa povu. Akakitafuta kisiwa chake. Akakiona, kikaenea chini ya kidole gumba chake. Upepo ukaja na mti mzima ukainama, si sana, kisha ukainuka, naye akaenda nao huku na huku akiwa ameshika tawi kwa mikono yote miwili na kidevu.

"Ya Rabbi," akasema Fumo.

Chini kabisa sauti ya Mwalimu Abubakar ikaja, nyembamba kama ya mbu: kamba imesimama, je, wamefika?

Fumo akazinduka. Akaishika kamba. "Haya, tuvute," akanong'ona. "Kwa haraka. Huku hakuna atakayejua."

Akavuta fundo moja. Sheikhan akamshika mkono, jambo ambalo lilimlazimu kuliacha tawi, na hilo peke yake lilimgharimu ujasiri kuliko kupanda kote.

"Iache," akasema.

"Sheikhan! Watatuzomea!"

"Kila fundo hapo nimelipanda kwa magoti haya. Siwezi kuyachanganya na ya uongo, nitashindwa kujua yapi ni yapi. Iache irudi."

Fumo akamtazama Barisa, kana kwamba yule ndiye kadhi. Barisa alikuwa anakula sega. Fumo akaliachia lile fundo, kamba ikanyooka.

"Tumefika!" akaita Sheikhan. "Mti umekwisha! Tazama fundo, Mwalimu!"

Mwalimu akainamia fundo. Kisha, "Kumi na tisa!"

Kisha sauti ya mzee mmoja wa Koyama: "Endeleeni kupanda! Kamba ipo nyingi!"

"Nimesema mti umekwisha!"

"Haujaisha! Bado pima ishirini na tatu!"

"Ishirini na sita!" wakasahihisha Chovai.

"Niko kileleni!" Sheikhan akapiga ukelele. "Nashika jani la mwisho!"

"Umeogopa, Sheikhan! Umekaa nusu ya mti!"

"Hata nusu hajafika!" akasema mtu wa Chovai, na kwa mara ya kwanza toka harusini watu wa Koyama wakakubaliana naye. Wakaanza kuzomea pamoja, visiwa viwili kwa sauti moja, kwa mpangilio mzuri kuliko nyimbo zao. Fumo damu ikamchemka. Mtu yule yule aliyetaka kudanganya sasa akainama, akawatukana kwa ukweli wote wa kifua chake, akawataja kwa majina, na mama zao akawagusagusa. Alikuwa na sauti kubwa kwa mtu mwembamba.

"Polepole," Barisa akasema. Kisha akasema, "Basi tena," akajifunika kichwa kwa ngozi aliyojitanda.

Nyuki walitoka kwenye mizinga mitatu kwa pamoja. Jinsi Sheikhan alivyoshuka vigingi vile hakuna ajuaye, na yeye mwenyewe hajui. Alipokanyaga ardhi hapakuwa na shahidi hata mmoja. Kulikuwa na makubadhi, kikapu cha mihogo kimepinduka, na mbali kidogo sauti za watu wanaojitosa horini. Aliwakuta wote ndani ya matope ya mikoko mpaka shingoni, wa Koyama na wa Chovai wamechanganyika, na Mwalimu Abubakar kilemba kimemfunika macho anaomba aonyeshwe kibla. Sheikhan na Fumo wakajitosa katikati yao. Barisa alibaki msituni. Baadaye alionekana akipita ukingoni na vibuyu viwili vya asali, hana hata alama, akawapungia mkono.

Mwalimu alitoa hukumu yake akiwa bado majini. Alisema ameliona fundo la kumi na tisa penye mzizi kwa macho yake, na hilo atalishuhudia popote. Kuhusu kilele hawezi kusema, hakuwako. Hukumu ilimfaa kila mtu isipokuwa wale wawili. Koyama walirudi na arobaini na mbili zao, Chovai na arobaini na tano zao, na wote wakarudi na habari ya watu wazima wawili walioishiwa na moyo katikati ya mti. Toka siku ile Fumo akawa anakuja Koyama kila mwezi, kukaa na Sheikhan penye matanga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuzungumza naye juu ya kile kilele.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile, dau likirudi, Sheikhan alilala kifudifudi ndani ya suruali yake ya tanga iliyochanika, na Mwanalima akimtoa miiba ya nyuki mgongoni kwa kucha, mmoja mmoja, akiirusha baharini.

"Babake Kaltuma," akasema, "kule juu kuna nini?"

Sheikhan akafungua mdomo. Miaka yote hiyo hakupungukiwa na la kusema. "Kuna upepo," akasema.

"Na nini tena?"

"Nilishika tawi." Akafikiri. "Nililishika sana."

Mwanalima akacheka mpaka akalazimika kuacha kazi. "Sasa najua ulifika," akasema. "Siku za nyuma ulikuwa na maneno mengi mno."

Sheikhan akageuza kichwa amtazame. "Ulikuwa unajua? Toka lini?"

"Toka kabla ya kuolewa. Ulishindwa kumpandia mama mnazi, ukasema una kichomi."

"Na ukakubali kuolewa na mimi?"

"Aliyetaka mpanda miti ni baba," Mwanalima akasema. "Mimi nilitaka mtu wa kukaa nyumbani. Lala vizuri, kuna mwingine hapa shingoni."